Likizo ya Juni Porini na Watoto: Simanjiro, Mang'ola, Empakaai

Jumamosi, Loibor Siret

Tumefika bomani, kwenye makazi ya familia ya Kimaasai huku Simanjiro, jua likiwa bado juu, nguo zote zimegeuka rangi ya vumbi. Mwenyeji wetu alisoma sekondari na baba watoto, na kila wakipigiana simu humaliza kwa neno lilelile: leteni watoto wachunge.

Nieleze hali yetu kwanza. Tunaishi Arusha mjini, ndani ya uzio, na watoto wetu ni wale wanaoitwa watoto wa geti kali. Shuleni wanapelekwa na gari, wanarudishwa na gari. Binti ana miaka 11 na hajawahi kutembea kilomita moja bila mtu mzima pembeni yake. Mdogo wake ana miaka 7, na akiona mjusi ukutani anaita mama. Sisi wazazi tulikua tukienda mtoni, tukiokota kuni, tukirudi nyumbani kiza kikiingia. Hawa tumewafungia kwa jina la usalama, na mimi naamini usalama wa namna hiyo unamdhoofisha mtoto, kwa sababu asiyejua kupasoma mahali alipo atakuwa hatarini siku ya kwanza geti litakapoachwa wazi. Hata hivyo sitaki waachiwe tu. Nimekuja kuona watu wanaolea watoto kati ya simba na tembo wanawaachia nini, saa ngapi, na chini ya nani.

Watoto wa boma walikuja kutusalimia mmoja mmoja, vichwa vimeinama ili tuviguse. Wa kwetu walikuwa wametoa mikono na shikamoo. Bibi mwenye boma, wanayemwita koko, akawavuta wote wawili kwa upole, akawaweka kiganja utosini, mambo yakaisha.

Kabla ya chai mwenyeji alitutembeza kwenye zizi. Zamani lilizungushiwa matawi ya miiba peke yake. Sasa ni wavu wa waya uliofungwa kwenye miti hai, ile ambayo ukichomeka tawi lake ardhini linachipua na kuwa nguzo isiyoliwa na mchwa. Unaitwa ukuta hai, na umeenea katika vijiji vingi vya Simanjiro. Ulijengwa kwa ajili ya mifugo, lakini mama mwenye nyumba aliniambia faida aliyoiona yeye: zamani simba akiruka miiba usiku, wanaume na vijana walitoka na mikuki gizani. Siku hizi watoto wake wa kiume wanalala.

Saa 12 jioni hakuna mtoto aliyekuwa nje ya boma. Sikusikia mtu akifoka. Mbuzi waliingia, wakahesabiwa, na waliowachunga wakaingia nyuma yao. Mwezi ulikuwa umepita mpevu siku chache, kwa hiyo baada ya jua kuzama kulikuwa na saa kadhaa za giza totoro kabla haujachomoza. Mwenyeji alisema hizo ndizo saa mbaya kuliko zote, akakataza hata kwenda msalani bila mtu mzima na tochi. Wazee huku wanalijua hilo tangu zamani, na takwimu zinawaunga mkono. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Craig Packer, mtaalamu wa simba, walichapisha uchambuzi wa mashambulizi ya simba kwa watu kusini mwa nchi yetu. Mengi yalitokea saa za mwanzo za usiku, na yaliongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu. Si jambo la kinadharia hapa Tanzania; kati ya mwaka 1990 na 2004 pekee simba waliua zaidi ya watu 500.

Jumapili, Loibor Siret

Leo binti ameenda na mbuzi. Baba yake na mimi tulikubaliwa kufuata kwa mbali, kwa sharti la kunyamaza.

Kuna ngazi hapa, na kila mtu anaijua bila kuandikiwa. Mtoto wa miaka minne au mitano anaangalia ndama na wana-kondoo kivulini pale pale nje ya boma, mahali ambapo mama akiinua kichwa anamwona. Akifika miaka saba au nane anafuatana na mbuzi, karibu, pamoja na mkubwa wake. Ng'ombe, ambao huenda mbali kutafuta majani na maji, ni kazi ya wakubwa zaidi, na kiangazi kikikaza wanakwenda morani wenyewe. Mtoto hapandishwi kwa sababu ametimiza umri. Anapandishwa baada ya aliyekuwa naye kurudi na kusema huyu anaona.

Mdogo wetu, kwa hesabu hiyo, alibaki na ndama. Alilia kidogo. Kisha akakabidhiwa fimbo yenye urefu wake na ndama wawili wenye vichwa vigumu, na hatukumsikia tena mpaka mchana.

Aliyeongoza mbuzi ni layoni, yaani kijana ambaye bado hajawa morani, wa miaka kama 13, mkimya, shuka jekundu begani na rungu mkononi. Kwa muda mrefu alikuwa hamfundishi binti chochote. Halafu tukafika kwenye kinyesi cha tembo. Akakipasua kwa ncha ya fimbo, akamwambia aweke mgongo wa mkono katikati. Kilikuwa kikavu kwa juu, ndani kina unyevu lakini baridi, na mchwa walikuwa wameshaanza kuingia kwa chini. "Wa lini?" akamuuliza. Binti akasema leo. Layoni akatikisa kichwa: wa jana, maana cha leo asubuhi kingekuwa na joto, na mchwa wasingekuwa wamefika. Akainama, akaokota vumbi, akaliacha lidondoke kati ya vidole. Likaelea kuelekea tulikotoka. Akanyoosha mkono mbele: tembo akiwa kule, sisi tutamsikia harufu, yeye hatatusikia. Upepo ukigeuka, na sisi tunageuka.

Mengine aliyatoa kwa mafungu, njiani, kila moja mahali pake. Kwenye kichaka kinene alituzungusha, kwa sababu nyati hulala humo mchana, na nyati akija mti ndio kimbilio. Simba ukikutana naye mchana, usimpe mgongo, usikimbie; simama, kusanya wenzako, piga kelele, rudi kinyumenyume. Kwenye jiwe bapa lililopata jua alipiga chini kwa rungu kabla ya kukanyaga. Hapo kuna moma, alisema, na moma hana haraka ya kukupisha. (Nyoka akimuuma mtoto, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, kiungo kisitikisike, na gari liwashwe kuelekea hospitali. Nimewafundisha wote wawili, na nimeandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya gari.)

Nilichokiona ni kwamba kijana yule hakuwahi kusema "ni hatari" na kuishia hapo. Kila onyo lilikuwa na mahali, saa, na la kufanya. Sisi mjini tunasema "usiende huko, kuna hatari," na mtoto anabaki na woga usio na umbo.

Mchana tulipumzika karibu na lambo, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea. Mbuzi walikunywa, layoni akasimama kati ya binti na maji. Hakumruhusu hata kunawa uso. Jioni nilimuuliza koko anaogopa nini zaidi kwa wajukuu zake, nikitegemea atataja simba. Alisema lambo. Simba, alisema, mtoto anamwogopa mwenyewe. Maji yametulia, kingo ni tope linaloteleza, katikati ni kirefu kwa sababu kimechimbwa, na huku hakuna anayejua kuogelea, mkubwa wala mdogo. Mtoto anaingia kumtoa mwana-mbuzi, basi. Alinishika mkono aliposema hivyo na hakuendelea.

Jumatatu, njiani

Siku nzima imeliwa na barabara. Tumelala Makuyuni.

Jumanne, Tarangire

Hapa sheria ni nyingine na niliwaeleza watoto tangu getini, ili wasichanganye ya juzi na ya leo. Ndani ya hifadhi ya taifa hushuki kwenye gari isipokuwa mahali palipotengwa. Mdogo alihoji, na swali lake lilikuwa na akili: mbona kule tulitembea na tembo wapo? Nilimjibu kwamba kule tulikuwa na mwenyeji anayelijua pori lake kama kiganja chake, wanyama wanawajua watu, na tulitembea tukiwa tumechagua saa na njia. Hapa wanyama wamezoea magari. Ukishuka, umekuwa kitu kingine machoni mwao, na hujui nani amelala kwenye majani hatua kumi kutoka ulipo.

Kiangazi ndiyo kwanza kinaanza lakini mto umeshapungua, na tembo walikuwa wanachimba visima mchangani kwa miguu na mikonga. Tulizima injini tukatazama familia moja kwa muda mrefu. Ndama mdogo alitaka kuingiza mkonga kisimani kabla ya zamu yake. Akasukumwa na dada yake. Akajaribu tena. Alipoanza kuja upande wetu kuchungulia gari, jike kubwa alipanua masikio, akasimama, akatutazama. Baba watoto aliwasha gari akarudi nyuma polepole. Binti ndiye aliyesema kwanza, "Masikio, baba."

Mbung'o wametuuma sana. Niliwakataza watoto nguo za bluu iliyokolea na nyeusi kwa sababu rangi hizo huwavuta mbung'o, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Baba yao alivaa shati la bluu kwa ubishi. Hakuna haja ya kueleza zaidi.

Tulikula chakula mahali pa kupumzikia juu ya mto. Tumbili walikuwa wanatusubiri. Mmoja alishuka mezani, akachukua chapati mkononi mwa mdogo wetu, akaenda kuila juu ya mti wa jirani. Kijana wangu alitaka kumrushia jiwe, nilimzuia. Tumbili aliyezoea chakula cha watu anauma, na anayemzoesha ni mgeni anayecheka na kumpa ndizi. Kati ya yote tuliyoyaona leo, huyu ndiye mnyama ambaye angeweza kwa urahisi kabisa kumpeleka mtoto hospitali.

Jumatano, Mang'ola

Kutoka Karatu tumeshuka bonde la Ziwa Eyasi, tukapita mashamba ya vitunguu, tukaenda na mtembezaji kwenye kambi ya Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula cha porini. Nasema wazi kwamba nilikuja na wasiwasi, kwa sababu siku hizi magari ya watalii yanafika kwenye kambi hizi alfajiri na kuwageuza watu kuwa maonyesho. Tulikaa muda mrefu, picha hatukupiga, na mengi tuliyoyaona yalitokea pale wenyeji walipochoka kutuangalia.

Wakubwa waliondoka. Wanawake walikwenda kuchimba mizizi, wanaume walikwenda na pinde. Watoto wakabaki na mzee mmoja aliyekuwa ananyoosha mshale motoni, na yeye hakuwa akiwachunga kwa macho. Baada ya muda kundi zima likaondoka kambini, wakubwa wao wa miaka kama kumi, mdogo kabisa amebebwa mgongoni, wakaenda kwenye mbuyu uliokuwa ukionekana kutoka tulipokaa. Wetu wakawafuata. Moyo wangu ulikwenda nao, miguu nikaizuia.

Watoto wa Kihadzabe hujitafutia sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe wangali wadogo: matunda ya vichakani, ubuyu, mizizi, ndege wadogo. Wanaanthropolojia wameliandika hilo kwa miaka mingi. Kulisikia ni jambo moja na kuliona ni jingine. Mtoto wa rika la kijana wangu aliweka buyu juu ya jiwe, akalipiga kwa jiwe jingine mara moja tu, likapasuka kwenye mshono, akampa nusu. Alikuwa na upinde wake na mishale ya mti mtupu, isiyo na chuma wala sumu. Ile yenye sumu ilikuwa imechomekwa juu ndani ya kibanda cha mzee, na katika asubuhi nzima sikuona mkono wa mtoto ukielekea huko.

Uhuru ule una mipaka ambayo mgeni haioni haraka. Wanakwenda kwa kundi, hakuna anayekwenda peke yake. Wanakwenda umbali ambao sauti inafika. Mara mbili mzee aliita bila kuinua kichwa, na mara mbili akajibiwa. Na katikati ya kundi daima yuko mkubwa anayejua. Hicho ndicho tulichokivunja mjini. Tumewatenga watoto kwa umri, kila mmoja na darasa lake, kila mmoja na chumba chake, na mtoto wa miaka 7 hana tena mkubwa wa miaka 11 wa kumwonyesha, hata awe dada yake wa damu.

Kijana alirudi na mkwaruzo mrefu gotini na unga wa ubuyu mpaka kwenye nyusi. Alinionyesha jeraha kwa fahari. Niliosha, nikapaka dawa, sikusema neno.

Alhamisi, kambi ya Simba, ukingo wa Ngorongoro

Baridi kali. Tuko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kreta iko chini yetu, imefunikwa na wingu.

Jioni tembo dume aliingia kambini kunywa maji kwenye tangi, watu wakikimbilia na simu zao. Niliwaita wangu ndani ya gari. Binti alibisha kwamba upepo ulikuwa upande wetu. Alikuwa sahihi kuhusu upepo, lakini watu arobaini wenye taa wanaosukumana si hali ambayo layoni angesimama kuitazama. Nilimwambia hivyo, akafikiri, akaingia.

Sheria za usiku hapa tumezipanga pamoja: hema linafungwa zipu mpaka chini, chakula chote, hata biskuti na dawa ya meno, kinalala kwenye gari, viatu vinakung'utwa kabla ya kuvaliwa kwa sababu ya nge, haja ya usiku, unamwamsha mzazi, na mzazi anaangaza tochi pande zote kabla ya kutoka. Kijana aliniamsha saa 8 usiku. Tulipoangaza, pundamilia walikuwa wanakula majani kati ya mahema. Tukasubiri wasogee.

Ijumaa, Nainokanoka na Empakaai

Asubuhi kwenye barabara ya Nainokanoka tuliwapita wanafunzi wakitokea kwenye ukungu, sweta zimelowa, wakubwa mbele na wadogo nyuma, kila mmoja na fimbo. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 kwa utaratibu wa watu na wanyama kukaa pamoja, na hawa ndio watu wenyewe. Wanatembea huko kila siku. Agosti 2021, huku huku Ngorongoro, watoto watatu waliotoka shuleni walikwenda msituni kutafuta ng'ombe waliopotea, na simba wakawaua. Waliijua nchi yao kuliko nitakavyoijua mimi. Kwa hiyo nakataa kuyageuza maisha haya kuwa hadithi tamu. Maarifa yanamlinda mtoto mpaka kiasi fulani, na mbele ya hapo anahitaji mkubwa wa kumwambia: ng'ombe abaki amepotea, wewe ingia ndani. Mzazi mwenye ng'ombe wachache analipa gharama kubwa kulisema hilo. Serikali na mashirika yanayopenda simba wetu wangekuwa na haki ya kuwapenda zaidi kama wangehakikisha kila mtoto wa huku ana shule karibu na boma, na kila mfugo uliopotea au kuliwa unalipwa haraka.

Nainokanoka tulimchukua askari mwenye bunduki, maana kushuka kreta ya Empakaai, yenye ziwa ndani yake, bila askari hairuhusiwi. Kabla ya kuanza alituweka mstarini: yeye mbele, watoto nyuma yake, mimi, na baba yao mwisho. Ngumi ikiinuliwa, wote tunasimama pale pale, bila swali. Akawajaribu watoto mara kadhaa hapo juu kwenye nyasi, wakicheka. Kule chini hawakucheka. Njia inashuka kwa mwinuko mkali katikati ya msitu mnene, na kuna mahali huoni mita tano mbele.

Tulikuwa tumeshaliona ziwa kati ya miti, na ukingo wa waridi wa heroe, ngumi ilipoinuka. Kijana alisimama na mguu mmoja hewani kabla ya kuushusha. Harufu ya zizi. Chini, kwenye udongo mbichi, kwato pana zilizokuwa bado zinajaa maji. Askari alisikiliza, akaangalia watoto, akaangalia kichaka, akatuambia kwa mkono: tunarudi.

Juu kabisa baba yao alinung'unika kwamba tungeweza kusubiri, tulikuwa karibu sana. Askari alimjibu kwa heshima: "Mzee, ningekuwa na wewe peke yako tungesubiri." Mimi ningemlipa mara mbili kwa sentensi hiyo. Kijana alikuwa amevunjika moyo, anataka heroe wake. Binti alimweka chini ukingoni, kreta yenye upana wa kilomita kama 6 iko mbele yao, akaanza kumweleza habari ya kwato na maji: nyati alikuwa amepita sasa hivi, kwa sababu maji yalikuwa bado hayajatulia kwenye alama. Hakuna aliyemfundisha hilo. Amelitoa kwenye kinyesi cha Jumapili.

Jumamosi, Karatu, tunarudi

Asubuhi kwenye kifungua kinywa binti ametoa ombi lake: Desemba arudi Loibor Siret bila sisi, akae likizo bomani. Baba yake alisema ndiyo haraka mno, mimi nilisema hapana haraka mno, tukampigia mwenyeji simu. Simu ikapewa koko. Alisema mtoto aje, atalala nyumbani kwake, atakwenda na mbuzi pamoja na yule layoni, na ng'ombe hapana. Mdogo asije bado, aje na wazazi tena mwakani. Halafu akaweka sharti moja ambalo alisema halina mjadala: binti aje akiwa anajua kuogelea, na akifika awafundishe wajukuu zake.

Bwawa lililo karibu na kwetu lina mwalimu wa watoto Jumatano na Jumamosi. Nimempigia kutoka hapa hapa Karatu. Ameandikisha majina mawili kuanzia wiki ijayo, na langu la tatu.